Maldivi: Mgeni Amekuja, Je, Mwenyeji Amepona?

Kisiwa cha Maafushi hakifiki kilomita mbili kwa urefu. Kipo kusini ya Malé, mji mkuu wa Maldivi, mwendo wa kiasi cha saa moja na nusu kwa feri ya umma. Juu ya ardhi hiyo ndogo vimewekwa vitu viwili ambavyo si kawaida kuviona pamoja: nyumba nyingi za kulala wageni, na gereza kuu la nchi. Mtalii anayeota jua kwenye ufukwe uliozungushiwa uzio kwa ajili yake, na mfungwa anayehesabu siku zake, wanapigwa na upepo uleule wa bahari.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaijua Maldivi kwa picha za maji ya buluu na vibanda vilivyosimama juu ya nguzo baharini. Ni nchi yenye visiwa vipatavyo 1,200, na visivyofika 200 ndivyo vinavyokaliwa na raia. Raia wake ni Waislamu, na katiba yao ya mwaka 2008 imeliweka hilo kuwa sharti la uraia. Utalii ulipoanza mwaka 1972, utaratibu uliofuatwa ulikuwa kuzitenga hoteli katika visiwa visivyo na watu: ulevi uishie huko, na vijiji vibaki na misikiti yake. Ilipokaribia miaka 40 ndipo nyumba za wageni ziliporuhusiwa katika visiwa vya raia, na Maafushi ikawa miongoni mwa vya mwanzo.

Sisi tuliofika huko tulianza na maswali ambayo Muislamu yeyote angeanza nayo. Tuliulizia mavazi ya wageni, tukaulizia pia vyombo vinavyotia nanga mbali kidogo na pwani ili kuuza pombe ambayo kisiwani ni marufuku. Maswali hayo si mapya. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa kadhi wa visiwa hivi mwaka 1343 na 1344, na ameeleza jinsi alivyojaribu kuwafanya wanawake wajisitiri akashindwa. Hata hivyo, kilichomwondosha Malé hakikuwa mavazi. Alikosana na waziri mkubwa juu ya madaraka. Kumbe tangu zamani lile la nguo ndilo lililosemwa zaidi, ilhali lile la utawala ndilo lililoamua mambo.

Na gereza la Maafushi ni ushahidi wa hilo. Mwezi Septemba 2003, kijana wa miaka 19 aitwaye Evan Naseem alipigwa na askari magereza humo hadi akafa. Mama yake alikataa mwanawe azikwe kimya kimya. Watu wakauona mwili na majeraha yake, na Malé ikalipuka kwa ghasia ambazo haikuwa imezizoea. Rais Maumoon Abdul Gayoom, msomi wa Al-Azhar, alikuwa madarakani tangu mwaka 1978. Miaka mitano baada ya mauti yale, nchi ilipata katiba mpya na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na utawala wa miaka 30 ukafikia kikomo. Mama mmoja alidai hesabu ya mwanawe, na mlango uliofungwa kwa muda mrefu ukafunguka.

Lakini hesabu ya mali ilikuwa bado. Mwaka 2016, ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilionesha kuwa takribani dola milioni 79 zilipotea katika ukodishaji wa visiwa na maji yake, zaidi ya maeneo 50, kupitia shirika la serikali lililopewa kazi ya kuitangaza nchi kwa watalii. Tutafakari kilichouzwa hapo: si bidhaa ya dukani, bali visiwa vyenyewe, amana ya watoto ambao hawajazaliwa. Novemba 2019, Abdulla Yameen, aliyekuwa rais hadi mwaka uliotangulia, alihukumiwa miaka mitano kwa utakatishaji wa dola milioni moja za serikali, naye akapelekwa Maafushi. Aliyakana mashitaka, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo.

Athari za fedha kama hizo kutofika kwa wenyewe huonekana Malé. Mji huo una ukubwa wa kilomita za mraba mbili tu, na watu wamebanana ndani yake ghorofa juu ya ghorofa. Familia hugawana vyumba, na vijana wasio na pa kukaa nyumbani hukaa mitaani, ambako dawa za kulevya zimewangojea kwa zaidi ya miaka 30. Katikati ya msongamano huo umesimama msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1658, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa nakshi. Wazee wale waliitoa mali hiyohiyo ya bahari, wakaiacha mahali ambapo kila mtu anaiona.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Maldivi amekuja na fedha zake, na hatuwezi kumlaumu yeye kwa zilikoishia. Sisi tunaoshika madaftari ya misikiti tunajua kuwa sanduku la Ijumaa lisiposomwa mbele ya waumini, hata mwaminifu huanza kushukiwa, na asiye mwaminifu hupata nafasi. Kisiwa ni zaidi ya sanduku. Kwetu Unguja pia, kutoka Nungwi hadi Paje, fukwe zimekodishwa. Basi pamoja na kuuliza wageni wamevaa nini, tuulize kwa adabu na bila ya woga: ufukwe huu umekodishwa kwa nani, kwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kodi yake imejenga nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wanaoiogopa siku ya hesabu, na atujaalie sisi raia ujasiri wa kuwakumbusha kabla siku hiyo haijafika. Amin.