Kukaa Mbali Bila Kuachana

Ugogo ni nchi ya juu, iliyo wazi, yenye mibuyu na miti ya miiba. Mvua yake ni chache: huanza karibu na mwezi wa Desemba, na katika Aprili hukoma. Tangu hapo ardhi hukauka, na upepo huchukua mavumbi. Katika nchi ya namna hiyo mtu hawezi kuishi peke yake. Mvua isipoanguka kwa huyu, huenda ikaanguka kwa yule. Ng'ombe wa huyu wakifa, yule atampa maziwa. Kwa hiyo wazee wa Kigogo walijenga tembe, nyumba ndefu za chini zenye paa la udongo, zilizoungana kuzunguka ua wa ng'ombe. Watu wa jamaa moja walilala chini ya paa moja, wakala chungu kimoja, na asubuhi wakasalimiana "Mbukwenyi". Kumpita mwenzako kimya kulikuwa ni dharau.

Kanisa lilipoingia katika nchi hiyo lilikuta desturi hizo, likazitumia. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na mwaka 1900 kituo cha Mvumi kilianzishwa. Hata leo, ukifika kijiji chochote cha wilaya hizo siku ya Jumapili, utaona jinsi watu wanavyopenda kukusanyika. Ibada ikiisha hawaondoki upesi. Husimama chini ya mti, hushikana mikono, huulizana habari za wagonjwa, hupanga ni nani atakayekwenda kulima shamba la mjane. Kwaya nayo ni ya watu wengi, maana Wagogo wamesifiwa tangu zamani kwa kuimba sauti nyingi pamoja. Na mtu akifa, hapana haja ya kualika watu; kijiji chote huja.

Lakini kuna jambo moja gumu, nalo ndilo linalofaa kufikiriwa hapa. Yako maradhi yanayopenda kukaa palepale watu wanapopenda kukaa. Hupita katika mkono unaosalimu, katika pumzi ya waimbaji, katika chumba cha mgonjwa kilichojaa jamaa. Maradhi hayo yakija, wema wenyewe huwa njia ya kifo. Je, watu wafanye nini? Wakiendelea kukaribiana, wataambukizana. Wakikimbiana, mgonjwa atakufa kwa njaa na kiu, na mzee atakufa kwa upweke. Methali yasema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Basi mtu asimamaye mbali atawezaje kumsaidia mwenzake?

Swali hilo si geni katika nchi ya kati. Vita Kuu ya kwanza ilianza mwaka 1914. Majeshi ya Wadachi, kisha ya Waingereza, yalipita Ugogo, na kila jeshi lilitwaa ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dodoma. Baadaye mvua ilikosa, ikaingia njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, nayo haikwisha mpaka mwaka 1920. Watu walipokuwa wamekwisha dhoofika hivyo, katika miezi ya mwisho ya 1918 ilikuja homa ya mafua makali iliyokuwa ikienea duniani pote. Homa hiyo ilisafiri katika meli na magari ya moshi, pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Njia iliyoleta nguo na chumvi ndiyo iliyoleta na homa. Katika dunia nzima wataalamu hukadiria kwamba waliokufa walipata milioni 50.

Wakati ule hapana mtu aliyejua kwa hakika mdudu wa mafua ni wa namna gani. Wataalamu walimpata kwa mara ya kwanza katika mwili wa mtu mwaka 1933. Kwa hiyo watu wa Ugogo hawakuwa na mafundisho ya kuwaongoza. Tembe lililowalinda na fisi na baridi sasa liliwafunga pamoja na ugonjwa, maana mgonjwa na wazima walivuta hewa moja. Kanisa nalo lilikuwa limechoka. Wakati wa vita wamisionari Waingereza walifungwa na Wadachi, na walimu Waafrika wengi walikamatwa na kuteswa. Kazi ya kulichunga kundi ilibaki katika mikono ya watu wa nchi yenyewe. Kutoka katika kizazi hicho wakatoka makasisi Waafrika wa kwanza wa Ugogo, kama Canon Andrea Mwaka, ambaye jina lake limepewa shule moja mjini Dodoma. Kanisa halikufa katika miaka ile, kwa sababu walikuwako watu walioendelea kulitunza.

Habari nyingine yatoka mbali, katika nchi ya Uingereza. Mwaka 1665 tauni iliingia katika kijiji kidogo kiitwacho Eyam, na husimuliwa kwamba ililetwa na viroboto waliokuwa katika nguo zilizotoka London. Kasisi wa kijiji aliitwa William Mompesson. Mwaka uliofuata yeye pamoja na Thomas Stanley, aliyekuwa kasisi kabla yake, waliwaomba watu wasikimbie, wasije wakaipeleka tauni katika vijiji vya jirani. Watu wakakubali. Walipatana kwamba kila jamaa itazika wafu wake yenyewe, na kwamba ibada haitafanywa ndani ya kanisa, ila nje, katika bonde, na kila jamaa isimame mbali na nyingine. Watu wa nje waliwaletea chakula, wakakiweka mpakani. Watu wa Eyam waliacha fedha katika matundu ya mawe yaliyotiwa siki, ili zisafishwe. Watu wapatao 260 walikufa, na mkewe Mompesson alikuwa mmoja wao. Lakini hawakuacha kusali pamoja, wala majirani hawakuacha kuwalisha. Kati ya kijiji na jirani zake palikuwa na jiwe tu, na juu ya jiwe hilo mkate ulipita kila siku.

Zaidi ya miaka mia moja baada ya mafua yale, swali lilirudi Dodoma. Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba mtu wa kwanza mwenye ugonjwa wa korona, ambao baadaye uliitwa pia UVIKO-19, ameonekana nchini. Kesho yake Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule. Watoto waliokuwa wakiimba pamoja kila asubuhi walibaki nyumbani mpaka mwisho wa Juni. Katika Kenya na Uganda serikali zilifunga na makanisa na misikiti. Tanzania haikufanya hivyo. Nyumba za ibada ziliachwa wazi, na tarehe 17 hadi 19 Aprili watu wa dini zote waliombwa kusali kwa ajili ya taifa.

Viongozi wa makanisa hawakuwa na shauri moja. Benson Bagonza, Askofu wa Kilutheri wa Karagwe, na Severine Niwemugizi, Askofu wa Kikatoliki wa Rulenge-Ngara, walisimamisha ibada za hadhara katika majimbo yao mwezi wa Aprili 2020. Wengine waliona kwamba katika hofu watu wahitaji kanisa zaidi, wakaacha milango wazi, lakini wakabadili desturi. Ndoo za maji zenye koki ziliwekwa mlangoni, pamoja na sabuni. Watu walikaa mbalimbali katika mabenchi. Badala ya kushikana mikono waliinamiana vichwa, au waliweka mkono kifuani. Mtu asiwalaumu upesi hawa wala wale. Wote walijaribu kujibu swali lilelile: kundi litunzwe namna gani, na mbwa mwitu yumo ndani ya zizi?

Jambo lililokuwa gumu kuliko kufunga mlango ni kuacha mazoea ya moyo. Kwa mtu wa nchi ya kati, kutokwenda msibani ni kama kumkana marehemu. Kutoingia kwa mgonjwa ni kumtupa. Kwa hiyo mtu aliyekaa nyumbani kwa busara aliitwa mwoga, na mwenye kikohozi alikificha kwa kuona haya, akaja katikati ya watu kama mzima. Huu ndio ubaya mkubwa wa maradhi ya kuambukiza: huwagombanisha watu. Tena walikuwako wengine walioufanya ugonjwa kuwa kisingizio. Zamani walichoka kumsaidia jirani. Sasa wakasema, "Naogopa korona," wakanyamaza. Makosa ni mawili, wala si moja. Kosa la kwanza ni kukaribia bila akili. Kosa la pili ni kukaa mbali bila huruma.

Hebu fikirini, ninyi msomao habari hizi, juu ya bibi mmoja mzee akaaye peke yake kandokando ya kijiji. Wanawe wako mjini, macho yake ni hafifu, na maji yake huchotewa na watoto wa jirani. Ugonjwa umeingia. Watoto wakiendelea kuingia nyumbani mwake na kukaa kitandani pake kama siku zote, huenda wakamletea maradhi, maana mtu mwenye korona huweza kuambukiza hata akiwa hajisikii kuumwa. Wasipokuja kabisa, nani atamchotea maji? Basi na waje, lakini waje kwa namna nyingine. Wabishe hodi mbele ya ua, wasimame mbali kidogo, waiweke ndoo mlangoni, kisha warudi nyuma. Wamsalimu kwa sauti, wangojee ajibu, wamweleze habari za kijiji, ni nani amezaa na ni nani amevuna. Bibi akae mlangoni, penye hewa na jua. Hakuguswa na mtu, wala hakuachwa. Na siku asipojibu hodi, kijiji kitajua palepale kwamba yuko katika shida.

Watu wa kale husema, "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake ni kwamba hapana haja ya kumwuliza kama autaka, mpikie, umpelekee. Methali hiyo haisemi kwamba ni lazima umlishe kwa mkono wako mwenyewe. Uji ulioachwa kizingitini bado ni uji, na bado una moto.

Siku hizi kuna na vyombo ambavyo watu wa mwaka 1918 hawakuvijua. Kwa simu mtoto aliyeko Dar es Salaam aweza kusali na mama yake aliyeko Kongwa. Redio huingiza mahubiri katika nyumba ya mgonjwa. Hata jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walizikazia tangu miaka ya 1970, zilionekana kuwa na faida kubwa, kwa sababu watu kumi na watano wanaojuana huweza kuulizana hali kila siku, lakini watu elfu hawawezi. Kanisa kubwa likipungua watu, lile dogo la majirani bado lipo. Lakini chombo hakifanyi kazi peke yake. Simu isiyopigwa ni kipande cha kioo tu, na jina lililoandikwa katika daftari ya jumuiya halimfariji mtu mpaka mwenzake aje kuuliza, "Waonaje leo?"

Tarehe 28 Julai 2021 chanjo ya korona ilizinduliwa Tanzania, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hatari ile ya ghafula imekwisha. Mikono ikashikana tena chini ya miti, na kwaya zikaimba zimesongamana kama zamani. Hata hivyo ugonjwa mwingine waweza kuja siku moja, kama ulivyokuja ule wa 1918 na ule wa 2020. Wakati huo watoto wa leo ndio watakaokuwa wazee wa kanisa, walimu na waganga, nao ndio watakaoulizwa, "Tufanye nini?"

Jibu lao lisiwe la woga wala la ujinga. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli. Lakini sauti ya mbali humwonya mtu asimkanyage. Kwa hiyo miguu ikizuiliwa, sauti na itumwe. Mkono ukizuiliwa kushika mkono, na ushike ndoo. Asomaye habari hizi na afikiri leo, kabla taabu haijaja, ni nani katika kijiji chake akaaye peke yake, na mlango wake uko wapi.