Bunju wa Babu

Kwa wiki tatu nilikwangua kioo cha tangi kila asubuhi kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na kila baada ya siku mbili kijani kilikuwa kimerudi. Kilianza kama vumbi, kikawa utando unaoteleza, mwishowe samaki aliyekuwa ndani akaonekana kama kivuli tu.

Samaki mwenyewe ni bunju. Nilimpata Nyamisati, nikikusanya data za tasnifu yangu ya uzamili kuhusu samaki wadogo wa mikokoni. Wavuvi walikuwa wanachambua nyavu zao. Kamba waliwekwa kwenye ndoo, bunju walitupwa mchangani, wamejivimbisha kama mipira. Mmoja alikuwa mdogo kama kidole gumba, nikamwokota. Hakuwa sehemu ya utafiti wangu, na sina sababu ya kisomi ya kueleza kwa nini nilimchukua.

Nilikuwa nakaa Ndundu kwa babu na bibi, jirani na daraja. Pale maji ya Rufiji ni matamu, na bunju huyu alitoka mahali ambapo mto na bahari vinachanganyika. Kwa hiyo kila nilipokwenda Nyamisati nilirudi na maji ya bahari. Dumu moja la bahari kwa mawili ya kisima linatoa kama gramu 12 za chumvi kwa lita. Bahari yenyewe ina kama 35. Tangi la lita 120 lilimeza madumu sita.

Bibi hakulipenda hilo tangi hata siku moja. "Umesomeshwa mpaka chuo kikuu ili utuletee sumu ndani?" Hakukosea kuhusu sumu. Mwaka 1909 mwanasayansi wa Japani, Yoshizumi Tahara, aliipa jina la kitaalamu, tetrodotoksini, lakini watu wa pwani hawakuhitaji jina hilo kujua kwamba maini na mayai ya bunju yanaua, na kwamba moto wa jikoni hausaidii. Nilimwahidi kwamba hakuna mtoto wala paka atakayemgusa.

Kijani ndicho kilichonishinda. Mwani hautoki hewani. Unahitaji mwanga, na unahitaji chakula: naitreti na fosfeti, yaani kinyesi cha samaki na mabaki yanayooza chini. Nikahamisha tangi mbali na dirisha. Taa nikaiwasha saa saba tu kwa siku. Kila Jumamosi nilitoa theluthi moja ya maji na kuweka mapya. Dawa ya kuua mwani sikuthubutu, maana nyingi zina shaba, na bunju hana magamba ya kumkinga. Konokono wa kulamba vioo nao hawakufaa kitu. Niliweka wanane jioni, asubuhi nikakuta maganda. Bunju ana meno manne yasiyoacha kukua, na kazi yake duniani ni kuvunja vitu vigumu.

Nilifanya yote hayo, na karatasi ya kupimia naitreti bado ilibadilika kuwa nyekundu iliyokolea. Nikaanza kukishuku kisima. Nikapima maji yake: safi. Nikaanza kujishuku mimi, jambo ambalo mwanafunzi wa uzamili halihitaji kufundishwa. Msimamizi wangu alikuwa amenirudishia sura ya pili mara mbili, na sasa hata tangi moja sikuweza kulieleza.

Usiku mmoja niliamka kunywa maji nikaona mwanga wa tochi sebuleni. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, shuka mabegani, bakuli mapajani. Ndani ya bakuli kulikuwa na dagaa wakavu aliowaloweka, na matonge madogo ya ugali.

"Babu! Ugali?"

"Anaomba," akasema. "Hebu mtazame."

Kweli bunju alikuwa ameganda kwenye kioo, macho yanazunguka, mapezi yanapepea. Bunju wote hufanya hivyo. Akishiba anaomba, akiwa na njaa anaomba. Nilitaka kumweleza babu habari za fosfeti. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, na hasira ya wiki tatu.

"Nikifika, anakuja," babu akasema. "Hata nikizima tochi. Anajua ni mimi."

Babu alifanya kazi kwenye kivuko cha Ndundu. Enzi hizo magari ya Lindi na Mtwara yalivuka hapo, na mto ukijaa yalisubiri. Abiria walimjua, madereva walimwita kwa jina. Mwaka 2003 daraja likafunguliwa, likapewa jina la Rais Mkapa, karibu kilomita nzima ya zege juu ya mto. Nilikuwa na miaka minne. Ni daraja hilo lililofanya safari ya kwenda shule, na baadaye chuo, iwe jambo la kawaida kwangu. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza babu, baada ya hapo, siku zake zinapitaje.

Hotuba yangu nikaimeza. Nikavuta kigoda kingine.

Asubuhi tulikubaliana. Kulisha ni kazi ya babu, mimi sitii mkono. Konokono watano wa mikokoni, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ugali marufuku. Mabaki yatolewe kabla taa haijazimwa. Nikapanda miche minne ya mkoko, mizizi ndani ya maji na majani nje, ili inyonye ile naitreti kabla mwani haujaifikia. Baada ya miezi miwili kioo cha mbele kilikuwa safi. Cha nyuma niliacha kukikwangua. Kijani chembamba pale hakimdhuru mtu.

Sasa nimerudi Dar es Salaam kuandika. Mdogo wangu ndiye anayeleta maji kutoka Nyamisati. Kila Jumamosi nampigia babu.

"Konokono wangapi, babu?"

"Watano, mke wangu. Kama ulivyosema."

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia picha ya tangi. Mikoko imetoa majani mapya. Kioo cha mbele kimeanza tena kuwa kijani, na chini, kando ya jiwe, kuna kipande cheupe ambacho si ganda la konokono. Nimekikuza picha mara kadhaa. Jumamosi nitauliza wangapi, naye atasema watano.