Andazi la Kwanza Si Langu Tena



Mimi ni mama wa mandazi. Wanaopita njia yetu ya Mudzipela, hapa Bunia, asubuhi hunijua kwa harufu kabla ya kuniona. Saa kumi usiku ninakanda unga, saa kumi na moja mbabula imeshika moto, na wanafunzi wakianza kupita beseni limejaa. Kwa miaka kumi na sita karai langu lilikuwa na sheria moja: andazi la kwanza ni la mpishi. Hilo halihesabiwi kuwa kula, ni kupima. Unalivunja katikati, mvuke unatoka, unachungulia kama ndani pameiva, unalitia kinywani huku linakuunguza ulimi, na hapo hapo unajua kama chumvi imetosha na kama moto umezidi. Halafu unakula la pili ili kuhakikisha. La tatu unalila kwa sababu hakuna anayekuangalia.

Ushuhuda wangu unahusu andazi hilo.

Mwaka 2022 nilishikwa na kiu isiyokatika. Nilikunywa maji jagi zima usiku, nikaamka mara tano kwenda nje. Binti yangu ndiye aliyeona sisimizi wamejikusanya nyuma ya nyumba, pale nilipokojoa gizani. Wazee wetu waliijua alama hiyo kabla ya mashine. Kwenye kituo cha afya wakanichoma kidole asubuhi sijala kitu, mashine ikaandika 287. Muuguzi akanieleza kwamba mtu ambaye hajala, kipimo chake kikifika 126 na siku nyingine kikarudia vile vile, huyo ana ugonjwa wa sukari. Nikarudi siku ya pili nikiwa na imani kubwa kwamba mashine ilikosea. Ikaandika 279.

Nikapewa dawa aina mbili, metformini na glibenklamidi, pamoja na karatasi ya rejime. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, nzuri, ina picha za rangi. Upande wa vyakula vya kula: pome, mtindi usio na sukari, mkate wa ngano isiyokobolewa, samaki wa salmoni. Nilizunguka nayo Soko Kuu kama mtu anayemtafuta mdeni aliyehama. Pome nilizipata, lakini bei ya moja ilikuwa bei ya mandazi mengi, na nikaila nimesimama pale pale, nikamaliza, njaa ikabaki ilipokuwa. Upande wa pili, chini ya alama ya kukataza, waliandika ugali, wali, mkate, ndizi, mihogo, viazi, mafuta, sukari. Niliona wameyaandika maisha yangu yote, pamoja na kazi yangu.

Nilianza kwa nguvu. Nilijinunulia sufuria ndogo ya peke yangu. Watoto walizunguka sinia moja kama tulivyozoea, mimi nikaketi pembeni kwenye kiti na kabichi iliyochemshwa bila chumvi wala mafuta. Siku ya nne mtoto wangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, tulikukosea nini?" Kwetu anayekula peke yake ana ugomvi au ana siri. Sikuwa na jibu.

Mwili ukaanza kupungua, na maneno yakaongezeka. Hapa Bunia mwanamke akikonda bila sababu inayojulikana, majirani humtafutia sababu: ana ule ugonjwa, au amelishwa sumu. Asubuhi moja mteja wangu wa zamani akasimama mbele ya beseni. "Mama Mandazi, mbona hauli vya kwako mwenyewe? Umetia nini ndani?" Alicheka, lakini hakununua.

Mwezi wa tatu tukawa na msiba kwa jirani. Nilienda matangani nimejipanga kutokula. Sahani ikapita nikaikataa. Ikarudi nikaikataa tena. Mara ya tatu akaja mama mwenye msiba mwenyewe, macho yamevimba kwa kulia, akainama akaniwekea sahani magotini. Mtu aliyefiwa anakulisha wewe, utamwambia nini? Nikala ugali wote, nikaongezewa, nikala tena. Nikanywa soda mbili. Chupa moja ya sentilita 33 hubeba karibu vijiko 8 vya sukari, na jambo hilo nilikuwa ninalijua vizuri wakati nikimeza.

Nilirudi nyumbani na hasira juu yangu mwenyewe, nikakata shauri nisile kabisa hadi Jumapili. Niliita kufunga, kwa sababu kufunga kuna heshima, ila kwa kweli nilikuwa najipiga fimbo. Dawa niliendelea kuzimeza zote kama kawaida.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, nilikuwa namrudishia mtu chenji mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka kama niliyenyeshewa. Beseni moja likawa mabeseni mawili. Miguu ikakatika nikaanguka kando ya mbabula, na ninamshukuru Mungu kwamba niliangukia upande wa ukuta, maana upande wa pili kulikuwa na mafuta yanayochemka. Bado nilikuwa nasikia na kumeza. Binti yangu akakoroga sukari ndani ya maji akaninywesha polepole. Baada ya muda mfupi dunia ikarudi mahali pake. Sukari niliyoikimbia miezi mitatu ndiyo iliyoniinua kutoka mavumbini.

Kituoni muuguzi hakunigombeza. Alinieleza kwamba glibenklamidi huushurutisha mwili kushusha sukari hata kama tumboni hamna kitu, kwa hiyo anayeimeza na kukaa bila kula anaweza kuanguka na asiamke. Halafu akavua miwani. "Mama, nilikuambia upunguze, sikukuambia ukufe njaa. Nani alikufundisha kula hivi?"

Swali hilo lilinifuata hadi kitandani. Usiku ule nikapata jibu lake.

Mwezi wa tano mwaka 2003, askari wa Uganda walipoondoka Bunia na wanamgambo wakaanza kuuana mjini, mimi nilikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia kwenye uwanja wa ndege, karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Tulikaa chini ya shitingi. Kikombe kimoja cha uji tulikigawana watu watatu, yaani watoto walikigawana, mimi nikasema nimeshashiba. Mwezi wa sita likaja jeshi la Ulaya likiongozwa na Wafaransa, lile la Artemis, mji ukapoa kidogo, nasi tukarudi nyumbani. Nikaapa mbele ya mlango uliovunjwa kwamba katika nyumba hii hakuna atakayeuliza kama chakula kimebaki.

Tangu siku ile, kwangu mimi sahani iliyojaa ndiyo amani. Bunduki tumeambiwa mara nyingi kwamba zimenyamaza, na bado huko Djugu na Irumu zinalia, na watu wanaendelea kuja mjini na magodoro kichwani. Sahani ndiyo niliyoweza kuiamini. Sasa nilipokata ugali nusu na kuketi pembeni, tumbo langu halikuelewa habari ya damu na vipimo. Lilielewa uwanja wa ndege. Nilipofunga nilikuwa nimerudi chini ya shitingi, na nilipokula matangani hadi kuvimba nilikuwa kama mtu aliyetoka kambini jana. Nikaona kwamba nisipolituliza tumbo hili, hakuna rejime itakayodumu kwangu.

Nikamweleza muuguzi mambo haya. Yeye pia ni mtoto wa Bunia, hakuhitaji maelezo mengi. Akaigeuza ile karatasi ya picha, nyuma yake akaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake: sombe, lengalenga, matembele, biringanya, kabichi, maharage, samaki wadogo wa Kasenyi na Tchomia, avoka, karanga kidogo. Halafu akaandika ugali. Nikamwambia, "Umekosea." Akasema, "Hapana. Ugali kadiri ya ngumi yako." Nikakunja ngumi nikaitazama. Mkono uliokanda unga miaka kumi na sita si mkono mdogo, ndugu zangu. Nilimshukuru Mungu kwa ngumi hiyo.

Akachora sahani akaigawa: nusu mboga za majani, robo ugali au viazi, robo maharage au samaki. Nilipoipakua nyumbani mara ya kwanza, sahani ilijaa hadi ukingoni. Mboga zilipanda kama kilima. Nililia kidogo mbele ya chakula, watoto wakadhani ni pilipili. Hapo ndipo rejime ilipoacha kuwa kambi.

Ile sufuria ndogo niliigawa. Tukarudi kwenye sinia moja, chungu kimoja, mboga moja kwa wote. Mawese niliyokuwa nikimimina kwa jicho sasa nikayapima kwa kijiko. Juma la kwanza wavulana walinung'unika kwamba sombe inakwaruza koo, juma la tatu walisahau. Chai yangu ilikuwa ya vijiko vinne. Sikuviondoa siku moja. Nilikaa na vitatu kwa wiki mbili, na viwili kwa wiki mbili, kisha kimoja, na sasa nikipewa chai ya zamani ninaona kama nimepewa dawa ya kikohozi. Ulimi nao hufundishwa, ila haupendi kuharakishwa.

Siwaambii kwamba ni rahisi. Djugu ndiyo ghala letu, na barabara ya Mahagi ikifungwa kwa sababu ya mashambulizi, maharage hupanda bei hadi mama anageuka na kikapu kitupu. Kwa siku kama hizo nimepanda matembele na lengalenga nyuma ya nyumba, pale pale walipokusanyika wale sisimizi. Lengalenga haina uvivu, baada ya wiki tatu nne unaanza kuchuma.

Matangani pia nimejifunza. Sahani siikatai tena. Ninaipokea kwa mikono miwili, ninashukuru, ninakula mboga na maharage, na ugali ninaugawa na mtoto aliye karibu. Katika Bunia hii, penye sahani hapakosi mtoto karibu. Aliyenipa haoni amedharauliwa, na sahani hurudi ikiwa safi.

Zipo siku ninazoanguka. Krismasi nilianguka vibaya. Zamani siku moja mbovu iliniharibia mwezi mzima, kwa sababu nilisema basi, nimeshaharibu. Siku moja nikawa nafunga daftari langu la madeni, nikajishangaa. Miaka yote hii, mtu akinikopa mandazi ishirini na asilipe, kesho yake mbona nimekaanga? Hasara ya jana huandikwa jana, asubuhi moto unawashwa. Mbona biashara niliielewa hivyo na mwili wangu nikaunyima akili hiyo hiyo? Sasa siku mbaya ninaiandika kwenye daftari lile lile, mstari mmoja tu, "nilizidisha," na ninafunika.

Najua mmezoea ushuhuda unaomalizika kwa kusema nimepona. Mimi sijapona. Mwezi uliopita kipimo kilikuwa 138, kabla yake 161, na nyayo bado zinanichoma usiku. Wapo walioniletea mizizi na kuniambia niache vidonge. Mizizi niliipokea kwa heshima ya aliyeileta, vidonge sijaviacha. Ninachoshuhudia ni kwamba ninakula na kushiba, pamoja na watoto wangu, na sukari imeteremka.

Limebaki lile andazi la kwanza. Kazi siwezi kuiacha, ndiyo inayolipa karo na dawa zenyewe, na mandazi hayapikwi bila kuonjwa. Karibu nasi kuna mzee mmoja ambaye ni sentineli wa usiku kwenye duka. Saa kumi na mbili kasoro anamaliza zamu, anapita kwangu na koti lake limelowa umande. Nikamwomba awe ulimi wangu. Sasa andazi la kwanza ni lake, bure, kila asubuhi. Analivunja katikati kama nilivyokuwa nikilivunja mimi, anatafuna polepole akitazama barabara, halafu anatoa hukumu ya neno moja au mawili. Chumvi. Moto mingi. Sawa.

Majuma mengi asubuhi zile zilikuwa ngumu kuliko zote. Nilitazama mvuke ukitoka kwenye lile vunjo nikameza mate. Siku hizi ninatazama uso wake.

Kuna jambo sijamwambia. Kwenye kila mkando nimekuwa nikipunguza sukari kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, kwa kuwa wanaokula mandazi yangu pia wana damu. Kila ninapopunguza ninamwangalia kwa hofu. Jumatatu iliyopita nilitoa kijiko kingine. Akavunja, akatafuna, akaitazama ile nusu iliyobaki mkononi kwa muda mrefu hadi moyo ukanidunda.

"Mama," akasema, "leo uko na haraka. Ndani haijaiva."

Habari ya sukari hakusema kitu. Nikarudisha karai motoni.