Askari Aliyehesabu Miezi kwa Vidole

Mwaka 2019 koplo mmoja wa jeshi la Uganda, aliyekuwa akitumikia Karamoja, alipewa likizo ya majuma mawili. Aliwasili nyumbani kwake Tororo jioni ya tarehe 3 Machi, akakaa na mkewe na binti yao wa miaka minne, na tarehe 17 akarejea kikosini. Mwezi wa Mei mkewe alimpelekea habari njema kwamba ni mja mzito, na ili kumfurahisha zaidi akampelekea kwa simu picha ya kadi ya kliniki. Kadi ilikuwa ya tarehe 19 Mei, na mwuguzi alikuwa ameandika: majuma 12.

Koplo alichukua kalenda akahesabu kurudi nyuma. Majuma 12 yakamfikisha tarehe 24 Februari, siku ambayo yeye alikuwa bado kambini. Hakumwuliza mtu. Mwisho wa mwezi ulipofika hakutuma hata senti moja nyumbani.

Laiti angalimwuliza mganga wa kikosi, angaliambiwa jambo ambalo kila mkunga analijua. Siku hasa mimba inapotunga haijulikani kwa yakini, kwa hiyo waganga huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo mwanamke huikumbuka. Hivyo kadi huitangulia mimba yenyewe kwa majuma mawili hivi. Majuma 12 ya kadi ni kama majuma 10 ya mimba, na majuma 10 kabla ya tarehe 19 Mei ni tarehe 10 Machi, wakati koplo alipokuwa amekwisha lala nyumbani kwake juma zima.

Mtoto, wa kiume, alizaliwa tarehe 2 Desemba. Baba akahesabu miezi tisa kwa vidole, akaangukia tarehe 2 Machi, siku moja kabla ya kufika kwake. Akaona shaka yake imepigwa muhuri. Lakini ile miezi tisa ya mazungumzo si kipimo. Waganga hukadiria siku 280 tangu hedhi ya mwisho, yaani siku 266 hivi tangu mimba kutunga, na watoto wengi wazima huzaliwa kabla au baada ya siku hiyo.

Kwa nini basi aliamini upesi hivyo? Yamkini kadi ilikuta moyo uliokwisha andaliwa. Katika kambi nyingi wake walioachwa nyumbani hufanywa mzaha wa jioni, na anayecheka kwa sauti kubwa aghalabu ndiye mwenye hofu. Wake nao wana mashaka yao juu ya waume wanaokaa mbali mwaka mzima, ila mashaka hayo hayana maabara.

Mama mzazi wa koplo alijaribu kuwapatanisha. Alimpigia mwanawe simu akamwambia kwamba mtoto ana masikio ya marehemu babu yake. "Mama, masikio si ushahidi," akajibu koplo, na kwa hilo alisema kweli. Bibi kizee naye akamwuliza: "Na huyu mkubwa, mwanangu, unamshaki kwa lipi?" Hapo simu ikakatika.

Swali hilo ndilo lililopaswa kumzuia tangu mwanzo. Binti yule hakushukiwa na mtu, lakini aliondolewa shule ya chekechea kwa kukosa ada, na mama yake akaanza kuuza nyanya kando ya njia huku tumbo likiwa kubwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba kuwatunza na kuwalea watoto ni haki na wajibu wa wazazi, na sheria ya watoto inautaja wajibu huo kwa majina yake: elimu, chanjo, chakula cha kutosha, mavazi, makao na matibabu. Hakuna mahali inapomruhusu baba kumwadhibu mke kwa kumnyima mtoto uji.

Mwenye shaka ya kweli ana njia. Mwanamke huyu aliifuata yeye mwenyewe: alikwenda kwenye dawati la watoto na familia la polisi, kisha kwa afisa wa ustawi wa jamii, na shauri likafika katika mahakama ya familia na watoto. Mambo yalicheleweshwa na marufuku ya safari ya mwaka 2020, lakini mwishowe sampuli zilifika katika maabara ya Serikali huko Wandegeya, Kampala. Zamani vipimo vya makundi ya damu viliweza tu kumwondoa mtu katika ubaba, havikuweza kuuthibitisha. Tangu Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, alipogundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba, mate ya shavuni yanatosha, kwa maana nusu ya urithi wa mtoto hutoka kwa mama na nusu kwa baba.

Mwaka 2023 kipimo hicho kilizungumzwa Uganda nzima, na wengine wakadai kwamba nyumba nyingi zimeoza. Ifahamike kwamba waendao maabara ni wale walio na shaka tayari. Majibu yao hayawezi kuzihukumu nyumba zisizokwenda. Ni kweli majibu mengine huwa machungu, na mwanamume aliyedanganywa amedhulumiwa, wala asilaumiwe kwa kutaka kujua. Ajue kwanza, ndipo aamue.

Majibu ya koplo yalisema kwamba yeye ndiye baba, kwa zaidi ya 99.9 kwa mia. Mwezi wa Agosti alikuja Tororo na bahasha ya malimbikizo ya miezi 15. Mkewe alimkaribisha, akamwandalia chakula, kisha akazihesabu noti mezani mbele yake: hizi ada ya binti shule zitakapofunguliwa, hizi za kliniki ya mdogo, hizi deni la mama mkwe. Alipomaliza, koplo alimwuliza kama amemsamehe. Mkewe akamjibu kwamba fedha ni za watoto na amezipokea. Hilo jingine alikuwa bado hajalifikia.