Reli ya Angola na Fundi Wetu wa Makomeno

Hapa Makomeno kuna fundi wa kuchomelea vyuma ambaye namuita Papa, kwa sababu alifanya kazi na baba yangu. Ana kampuni ndogo, watu nane, na makaratasi yake yote yako sawa.

Mwaka 2012 alinipigia simu redioni. Alisikia kwamba reli ya Benguela inajengwa upya, kilometa 1,344 kutoka Lobito hadi Luau, ng'ambo tu ya Dilolo yetu. "Mwanangu, utuulizie. Sisi tunaingilia wapi?"

Niliuliza. Utaratibu wa mikopo ya China ulikuwa umewekwa tangu 2004, miaka miwili baada ya vita vya Angola kuisha. China iliikopesha Angola dola bilioni 2, na kwa masharti ya mkopo asilimia 70 ya kazi ilikuwa ya makampuni ya Kichina. Iliyobaki ni ya Waangola wenyewe. Sisi majirani hatukuandikwa popote.

Hata hivyo Papa alipata njia: mtu wa Luau alitaka milango ya chuma na matangi. Mkataba ulikuja kwa Kireno, tukasomewa na padri. Ulidai barua ya dhamana ya benki. Benki moja ya mjini ikamwambia aweke nyumba rehani. Mama alikataa. Hata mimi ningekataa.

Tarehe 14 Februari 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau kufungua reli. Habari hiyo niliisoma mimi mwenyewe hewani. Papa akanitumia ujumbe: "Na milango, aliichomelea nani?"

Tangu 2017 tuna sheria inayowapa Wakongomani kazi ndogo za makampuni makubwa. Ni nzuri, lakini inaishia mpakani. Ng'ambo, anayekopesha ndiye anayechagua mjenzi, kwa hiyo habari lazima ifike mapema, mkopo ukiwa bado unajadiliwa. Ubalozi wetu Luanda ungeweza kuileta. Serikali ingeweza kusimama mdhamini wa kampuni ya watu nane. Semina za hotelini nimeripoti nyingi. Watu hurudi na kofia.

Mwaka 2023 reli ile ilikabidhiwa kampuni ya Lobito Atlantic kwa miaka 30, na Papa ameanza tena kuniuliza. Safari hii hakungoja jibu langu. Binti yake anasoma Kireno, Jumanne na Alhamisi jioni.