Wasiwasi Kidogo

Nilifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Tanga kwa miaka minane kabla sijakwenda Uingereza, na mtu angeniuliza siku ile ninayopanda ndege kama lugha hiyo naijua, ningemjibu bila haya kwamba naijua. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kuwa "worried" ni mwenye wasiwasi, na kwamba ukiliwekea mbele neno hilo "a bit" au "a little", basi umelipunguza. Nilichora hata ngazi ubaoni: chini "a bit worried", katikati "worried", juu kabisa "very worried". Wanafunzi wakanakili, nami nikawapa alama.

Shangazi yangu, ambaye aliolewa Unguja akiwa msichana, alikuwa akiishi Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, ambako Wazanzibari si haba walikwenda kuanza maisha upya baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Alikaa huko zaidi ya miaka thelathini kwa Kiingereza cha samaki, basi na posta, maana mumewe alimsemea, na mumewe alipofariki watoto wakamsemea. Nilipofika mimi mwaka 1995 kusoma, watoto wameshatawanyika, na kazi ya kumsemea ikaniangukia. Niliipokea kwa fahari. Mwalimu wa Kiingereza, nini tena!

Mwanzoni mwa mwaka 1997 alianza kukohoa kikohozi kisichokwisha. Nikampeleka hospitali, wakampiga picha ya kifua, na baada ya siku chache tukaitwa. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Aliitazama picha, akamtazama Shangazi, kisha akaniambia, "I'm a little concerned about this shadow."

Nikageuka nikamwambia Shangazi: "Anasema ana wasiwasi kidogo na hiki kivuli hapa."

Shangazi akacheka. "Wasiwasi kidogo nani hana, mwanangu? Mwulize kama naweza kwenda arusini."

Mjukuu wake alikuwa anaolewa London baada ya wiki tano, na yeye ndiye aliyeshika mambo ya mapishi. Daktari alitaka achukuliwe kinyama kidogo cha pafu kikapimwe. Nikamweleza habari ya arusi. Akanyamaza, akasema, "I'd be happier if we did it sooner." Nikatafsiri: daktari angefurahi zaidi tukifanya mapema. "Basi atafurahi tukirudi," akasema Shangazi, na akaanza kufunga mtandio wake. Daktari akaongeza kwamba kama angekuwa yeye, asingeliacha jambo hili mpaka mbali sana. Hilo nalo nililitafsiri neno kwa neno, na neno kwa neno halikuwa na uzito wowote. Tulitoka pale tumepewa tarehe ya baada ya arusi, na njiani tukanunua iliki.

Msomaji ameshajua yaliyofuata. Kilikuwa ni kile ambacho watu wa umri wa Shangazi hawapendi hata kukitaja kwa jina. Daktari yule yule, nilipomwuliza peke yangu ukumbini, aliniambia kwamba wiki zile hazikubadili mambo, kwa kuwa maradhi yalikuwa yameshatambaa tangu zamani. Huenda ni kweli. Lakini siku ile nilikuwa nimeshajifunza kutoyaamini maneno yake yalivyosimama, na hivyo hata faraja yake sikujua niipime kwa mizani gani.

Hapo ndipo nilipoanza kuwasikiliza Waingereza upya. Nikagundua kwamba ngazi yangu ya ubaoni ilikuwa imesimama kichwa chini. Mama wa nyumba nilimopanga alikuwa akisema "I'm worried sick" kwa sababu paka wake amechelewa kurudi, na jioni paka akarudi, yakaisha. Lakini benki ilipomwandikia kwamba walikuwa "somewhat concerned" na hesabu yake, aliketi kitako ngazini. Mtu akisema "it's nothing, really", yafaa uvute kiti. Akisema "I don't want to bother you, but", usimjibu kwamba hakusumbui ukaendelea na yako, kama nilivyofanya mimi mara nyingi. Kuna jambo, na limemchukua siku mbili kupata ujasiri wa kubisha hodi. Jambo likikaa na mtu kwa muda atasema "it's been on my mind", liko juu ya akili yake, kama kwamba limepita tu likatua pale kama ndege juu ya paa.

Neno lenyewe "worry" nililifuata mpaka kwenye kamusi kubwa ya maktaba. Kumbe katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kunyonga. Baadaye likawa ni kushika kwa meno shingoni na kutikisa, kama mbwa anavyomfanyia kondoo, na maana hiyo bado i hai: sheria yao ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo ilitumia neno hilo hilo kwa mbwa anayeshambulia au kufukuza kondoo. Nilikuwa nimeliona hata kwenye kibao cha lango la shamba moja, nikacheka peke yangu kwamba Waingereza wanajali kondoo wasipate wasiwasi. Na wasiwasi wetu je? Huo tumeupata katika Kiarabu, nao ni mnong'ono. Kila mtoto aliyepita chuoni anaijua ile sura ya mwisho ya Kurani inayoomba kinga dhidi ya mwenye kunong'ona vifuani mwa watu. Wao hukabwa shingo, sisi tunanong'onezwa. Nilipomwambia Shangazi habari hii, alisema kwamba kwa umri wake amepata vyote viwili.

Lakini lililoniuma zaidi halikutoka katika kamusi. Nilikuwa naosha vyombo usiku mmoja nikakumbuka alivyoniambia mara ya kwanza kabisa, kabla ya hospitali. Nilipiga simu, nikamwuliza hujambo, akaniambia hajambo, ila kifua kinamsumbua kidogo. Kidogo! Alikuwa ameshakaa mwezi mzima halali, na alikuwa akificha leso. Mswahili gani anayeumwa sana akasema anaumwa sana? Hata salamu yetu inamwuliza mtu kama hana jambo, na jibu lake ni kwamba hana jambo, hata akiwa kitandani. Baada ya hapo ndipo inapokuja ile "ila", na katika "ila" ndimo mna habari yote. Mimi nililelewa katika lugha hiyo. Na nilipomfikisha kwa daktari wa kwanza, yule wa mtaani, nilimwambia kwa Kiingereza changu safi kwamba shangazi yangu ana tatizo dogo la kifua. Daktari yule hakulisikia neno dogo. Aliandika barua ya hospitali siku ile ile. Kati ya watu waliokuwamo katika mazungumzo yale, Mwingereza na bibi wa Unguja walikuwa wakizungumza lugha moja. Aliyewatenganisha ni mfasiri.

Sikupata kumwambia hivyo. Nilimwomba radhi mara moja, kwa jumla jumla, naye akanijibu, "Usijitie unyonge, baba, arusi ilifana," akageukia upande wa dirisha.

Miezi yake ya mwisho alilazwa wodini, nami nilikwenda kila jioni. Siku moja nilimkuta muuguzi, mwanamke mnene wa pale pale Portsmouth, anampangia mito, na kabla sijafika kitandani akamwuliza, "Anything bothering you, love?" Nilifungua mdomo nitafsiri. Shangazi akaninyoshea kiganja ninyamaze, akamtazama muuguzi usoni, akamjibu mwenyewe: "Little bit."

Muuguzi akaiweka chini sinia ya dawa, akavuta kiti, akaketi.