Kura Yangu na Deni la Mjomba



Sasa unajua kusoma. Siku ya kura unaweza kusoma majina ya wagombea bila kumwuliza mtu. Lakini kusoma jina ni jambo moja, na kulichagua ni jambo jingine. Nataka kukueleza taabu niliyoipata siku nilipotakiwa kuchagua jina moja kati ya mawili.

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Kwetu ni milimani Uluguru, mkoani Morogoro. Mwaka 2015, kabla ya uchaguzi mkuu wa mwezi Oktoba, chama changu kilifanya kura za maoni. Kura za maoni ni uchaguzi wa ndani ya chama. Wanachama hupiga kura kuonyesha wanamtaka nani agombee kwa jina la chama chao. Chama chenyewe sikitaji, maana jambo hili linaweza kumpata mwanachama wa chama chochote. Sisi tulikuwa tunatafuta mgombea wa udiwani wa kata yetu.

Walijitokeza watu wawili. Wa kwanza alikuwa mjomba wangu. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mjomba aliuza ndizi na maharage yake, akanilipia ada mpaka nikapata cheti changu. Tena katika ukoo wetu tunafuata upande wa mama. Neno la mjomba ni zito.

Wa pili alikuwa mama mmoja, mtunza fedha wa kamati ya maji. Si ndugu yangu. Tena mwaka uliotangulia alinitaja mbele ya mkutano kwamba sijalipa mchango wa maji wa miezi miwili. Niliona haya sana. Nilikaa siku nyingi bila kumsalimu vizuri.

Wiki moja kabla ya kura, kijana mmoja alibisha hodi usiku. Alileta kilo mbili za sukari na doti ya khanga. "Mjomba anawasalimu," akasema, akaondoka. Mama alivipokea kwa furaha.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa kuna la kufikiri kweli? Nani alikusomesha?"

Sikuwa na jibu.

Pengine utasema, sukari ya ndugu si rushwa, ni ukarimu tu. Wengi walisema hivyo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaruhusu wagombea kutoa takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Ilionekana kwamba takrima na rushwa ni vigumu kuzitenganisha, na kwamba mgombea maskini huonewa. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Sheria hiyo inakataza kununua kura kwa zawadi, hata katika uteuzi wa ndani ya chama.

Lakini nikuambie kweli. Sukari haikunisumbua sana. Hata bila sukari ningempa mjomba kura yangu. Lililonisumbua ni lile deni la ada.

Kesho yake nilikwenda kufundisha. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe, karibu na ofisi ya kijiji. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi ya kamati ya maji. Nikamwomba mzee mmoja, mwanafunzi wangu, aisome kwa sauti. Akaisoma polepole, akifuata kwa kidole: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, fedha zilizobaki. Chini palikuwa na sahihi ya yule mama. Darasa likapiga makofi.

Mzee hakukaa. Aliendelea kuutazama ubao. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, na hesabu za zahanati zimebandikwa wapi? Nataka kuzisoma pia."

Nilinyamaza. Zahanati yetu ilikuwa imesimama miaka mitatu bila bati. Kila kaya ilikuwa imechanga. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mjomba wangu. Hesabu zile hazikuwahi kubandikwa wala kusomwa mkutanoni.

Jioni nilikwenda kwake. "Shikamoo, mjomba," nikasema. Akaitikia vizuri, akanipa kiti. Nikamwuliza kwa adabu, "Mjomba, hesabu za zahanati zitasomwa lini? Watu wanauliza."

Uso wake ukabadilika. "Nimekusomesha ili uje kunikagua?" akasema. "Kweli, asante ya punda ni mateke!"

Nikarudi nyumbani kwa uchungu. Sikujua kama mjomba alikula fedha zile, na sisemi kwamba alizila. Nilijua tu kwamba aliulizwa akakasirika, na yule mama hesabu zake zimo ubaoni kabla hajaulizwa. Diwani huingia katika halmashauri ya wilaya, ambako bajeti hupitishwa. Tena huongoza kamati ya maendeleo ya kata. Je, nimpeleke huko mtu asiyependa kuulizwa?

Usiku ule nilifikiri hivi. Ada niliyolipiwa ni deni langu mimi. Nitalilipa kwa jasho langu. Lakini kura yangu inagusa maji na dawa za watoto wa kata nzima. Nikiitumia kulipa deni langu, ninamlipa mdai wangu kwa mbuzi wa jirani.

Siku ya kura nilionyesha kadi yangu, nikapewa karatasi. Mkono ulitetemeka. Nikaweka alama ya vema kwenye jina la yule mama aliyeniaibisha mkutanoni.

Matokeo yalipotangazwa, mjomba alishinda. Mwezi Oktoba akawa diwani wetu. Mama yangu hakuniuliza nilimpigia nani, nami sikumwambia. Kura ni siri. Ile khanga aliivaa.

Sikupoteza bure. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano wa kwanza uliofuata, yule mzee wa darasani alisimama, akauliza swali lake lile lile. Safari hii wengine walimwunga mkono. Baada ya miezi minne karatasi ya zahanati ilibandikwa. Hesabu zake hazikuwa safi zote. Lakini zilisomwa, na zaidi ya mtu mmoja walijua kuzisoma.

Mjomba bado ni mjomba wangu. Wakati wa kulima ninakwenda shambani kwake na jembe langu, bila kuitwa. Hilo ndilo deni, na hivyo ndivyo ninavyolilipa.

Nawe, ndugu msomaji, ukifika mbele ya karatasi ya kura, usijiulize tu nani alikupa. Jiulize pia nani alikubali kuulizwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwandishi alipata taabu ya kuchagua?
2. Je, alifanya vema kumwuliza mjomba wake? Toa sababu.
3. Kuna tofauti gani kati ya ukarimu na rushwa?
4. Katika kijiji chako, hesabu za michango hubandikwa wapi? Nenda ukazisome.